Fundi wa AC na Mchoro Ukutani: niliyosema kwenye kikao cha wasimamizi wa kumbi za maonyesho

Habari zenu ndugu zangu, asanteni kwa kuja mapema. Najua wengine hapa mmemaliza kubomoa seti usiku wa manane na hamjalala vizuri, kwa hiyo sitawazungusha.

Naanza na moto. Tarehe 31 Januari 1994, kwenye nyumba ya opera ya Liceu kule Barcelona, mafundi walikuwa wanachomelea, wanarekebisha pazia la chuma. Pazia la chuma mnalijua, ni lile linaloshuka kati ya jukwaa na watazamaji ili moto ukiwaka upande mmoja usivuke kwenda wa pili. Cheche zikarukia mapazia ya kitambaa na ukumbi ukaisha. Yaani kazi yenyewe iliyokuwa inafanyika ni kutengeneza kile kifaa cha kuzuia moto! Miaka miwili baadaye, 29 Januari 1996, La Fenice ya Venice ikateketea, na huko nako ilikuwa katikati ya matengenezo, mafundi umeme wawili wakaja kuhukumiwa kwa kuichoma, na mifereji ya maji ya karibu ilikuwa imekaushwa ili isafishwe kwa hiyo boti za zimamoto zikahangaika kufika. Liceu ilifunguliwa tena 1999, La Fenice mwishoni mwa 2003.

Nimeanza hapo kwa sababu tukisema usalama wa ukumbi kila mtu anawaza usiku wa shoo, watu wamejaa, taa zimezimwa. Ni sawa kuwaza hivyo. Ila angalieni hizo mbili, hakukuwa na onyesho lolote likiendelea, kulikuwa na mafundi na vifaa vyao. Nyumba zetu zinaumia siku za kazi, siku ambazo hakuna anayepiga makofi, na zikiumia zinaondoka na kila kilichochorwa darini na kila kilichoning'inizwa ukutani. Hilo ndilo nimekuja kulisema leo, kwamba kazi ya jengo na kazi ya kutunza sanaa ni kazi moja, na sisi tumezigawa vipande viwili vinavyokaa ofisi mbili visivyosalimiana.

Mimi nimetokea upande wa jengo. Pampu, jenereta, AC, lifti, mabomba. Mkusanyo wa sanaa nilipewa baadaye, kwa sababu mama aliyekuwa anauangalia alistaafu na nafasi yake haikujazwa. Nikakabidhiwa funguo na faili moja. Sasa niwasimulie kitu kilichonifundisha zaidi ya semina zote nilizohudhuria.

Kwenye lobi ya ghorofa ya kwanza kulikuwa na mchoro mkubwa wa rangi ya mafuta, upana wake kama milango miwili, zawadi iliyoletwa ukumbi ulipofunguliwa. Juu ya ile dari, nyuma ya mchoro kidogo, kuna mashine ya AC, na chini ya mashine kuna trei ya kukusanya maji. Bomba la kutolea maji ya trei likaziba, vumbi tu na utelezi wa kawaida. Fundi wangu wa AC aliliona, akaandika kwenye daftari lake, "trei ya lobi inajaa, nimechota, nitarudi". Akachota, akarudi wiki iliyofuata akachota tena, akaandika tena. Wiki tatu! Upande wa pili, mwenzetu wa sanaa, wakati huo bado yupo, alikuwa ameandika kwenye daftari lake kwamba nyuma ya mchoro ule kuna harufu ya unyevu, anaomba mhifadhi, yaani mtaalamu wa kutunza na kutengeneza kazi za sanaa, aje kuangalia. Madaftari mawili, tatizo moja, umbali wa ofisi hadi ofisi ni kama hatua arobaini. Tulipoushusha, nyuma ya kitambaa kumejaa ukungu kama mkono mzima na fremu ya mbao imevimba pembeni.

Hakuna aliyefanya uzembe pale, na hilo ndilo linaloniuma mpaka leo. Fundi alifanya kazi yake, mama alifanya yake. Kilichokosekana ni mtu mmoja wa kusoma madaftari yote mawili.

Tangu siku ile tuna daftari moja. Sasa hivi liko kwenye kompyuta lakini bado tunaliita daftari. Kila kifaa cha jengo kina namba na kila kazi ya sanaa ina namba, na kwenye namba ya kila mchoro tumeandika vitu ambavyo watu wa makumbusho huwa hawaandiki: juu yake kuna nini, nyuma ya ukuta kuna bomba gani, AC gani inapuliza hapo, vali ya kufunga maji ya eneo hilo iko wapi. Fundi akifungua kazi kwenye AC namba fulani anaona hapohapo michoro iliyo chini yake. Kuandaa haya yote kulituchukua miezi, tukitembea na ngazi na tochi chumba kwa chumba, na nawaambia ukweli ndiyo miezi niliyoijua nyumba ile vizuri kuliko miaka yote ya nyuma.

Sasa twende kwenye hewa, maana hapa ndipo ukumbi wa maonyesho unapotofautiana na makumbusho. Makumbusho watu wanaingia kidogokidogo siku nzima. Sisi wanaingia watu elfu moja ndani ya nusu saa, wanakaa, halafu wanamwagika lobi wote pamoja wakati wa mapumziko. Mtu mmoja aliyekaa tu anatoa joto la karibu wati 100, kwa hiyo watu elfu ni kama umewasha hita za kilowati 100 ndani ya chumba. Na anatoa unyevu, kwa pumzi na jasho, kama gramu 50 kwa saa. Piga hesabu ya watu elfu kwa saa mbili unapata karibu lita 100 za maji, madumu matano ya lita 20 yamemwagwa hewani bila mtu kuona. Shoo ikiisha AC inazimwa ili kuokoa umeme, maji yale yanatafuta pa kukaa, na yanakaa kwenye kuta za nje zilizopoa na kwenye vitambaa vya michoro iliyotundikwa juu ya kuta hizo.

Wahifadhi wengi wanapenda unyevu wa hewa ubaki kati ya asilimia 40 na 60, ila kwa uzoefu wangu namba yenyewe siyo inayoua, kinachoua ni kupandashuka. Mbao inavimba inasinyaa, inavimba inasinyaa, rangi iliyo juu yake haiwezi kufuata ile ngoma, inapasuka. Piano ya jukwaani inalalamika kwa sababu hiyohiyo, muulizeni fundi wenu wa piano. Kwa hiyo ukiniuliza AC izimwe usiku au isizimwe nakwambia usiizime ghafla, ishushe taratibu, acha feni ziendelee kuzungusha hewa saa moja au mbili baada ya mtu wa mwisho kutoka. Bili itapanda kidogo, ni kweli, na itabidi ukamtetee mchoro mbele ya mhasibu, ndiyo kazi yenyewe. Vipimo vidogo vya unyevu vinavyorekodi vyenyewe ni vitu vya bei ndogo, weka kimoja nyuma ya mchoro na siyo ukutani mbali na mchoro, halafu peleka grafu kwenye kikao. Mimi nilibishana na watu wa fedha mwaka mzima, siku nilipoleta grafu inayopanda kila Ijumaa na Jumamosi usiku ubishi uliisha kwa dakika tano.

Mwanga nao. Karatasi na vitambaa, yaani mabango ya zamani, michoro ya mavazi, mavazi yenyewe, vinapewa laksi 50 hivi (laksi ni kipimo cha mwanga unaofika juu ya kitu), rangi ya mafuta inavumilia hadi karibu 200. Na madhara ya mwanga yanajumlishwa, hayarudi nyuma. Saa 10 kwenye laksi 200 ni sawa na saa 40 kwenye laksi 50. Sisi tuna tabia ya kuwasha taa zote za lobi tangu wasafishaji wanapoingia alfajiri mpaka mlinzi anapofunga, na shoo yenyewe ni saa tatu tu. Metropolitan Opera ya New York ina michoro miwili mikubwa ya mchoraji Marc Chagall nyuma ya vioo vya mbele, iko pale tangu 1966, na asubuhi inafunikwa na mapazia jua lisiipige. Pazia tu, na mtu mwenye zamu ya kulifunga na kulifungua. Tusingoje mtambo wa mamilioni wakati kitambaa na ratiba vinatosha.

Moshi wa jukwaani nitausema haraka. Ule ukungu mzuri unaoonyesha miale ya taa haupotei, unatua. Unatua kwenye lenzi, kwenye viti, na unavutwa na AC mpaka lobi ukatue kwenye michoro kama utando unaonatanata ambao vumbi linaushikilia. Waulizeni watu wa prodakshen wanatumia aina gani, na hewa ya jukwaani isirudi lobi. Kubwa zaidi ni vigundua moshi. Shoo yenye moshi mara nyingi vigundua vya jukwaani vinazimwa kwa muda ili kengele isilie, sawa, lakini nani anaviwasha tena? Siyo "idara ya ufundi", nataka jina la mtu. Kwetu jina linaandikwa ubaoni kabla ya shoo pamoja na jina la anayezunguka kulinda muda wote vikiwa vimezimwa, na mlinzi wa geti hatoi ruhusa ya kufunga nyumba mpaka ubao ufutwe na yule aliyeandikwa.

Na kuchomelea, nilikoanzia. Hakuna moto wa aina yoyote, iwe kuchomelea, kukata chuma au kubandika paa kwa moto, bila kibali cha karatasi cha siku hiyo na sehemu hiyo. Vitambaa vimeondolewa au kufunikwa, mtungi wa kuzimia upo mkononi, na kuna mtu ambaye kazi yake ni kutazama tu, asishike nyundo wala nondo, na anabaki saa nzima baada ya kazi kwisha kwa sababu cheche inajificha kwenye vumbi na kuanza kufuka wakati mafundi wameshaenda kula. Mkandarasi atakwambia unamchelewesha. Mcheleweshe.

Kuna watu wa sanaa wanaogopa vile vinyunyizio vya maji vya darini, wanasema vitaharibu michoro. Naelewa hofu yao lakini mchoro uliolowa unakaushwa na mhifadhi anapata pa kuanzia, ulioungua hauna pa kuanzia. Halafu kinachofunguka kwa kawaida ni kile kichwa kimoja au viwili vilivyo juu ya moto, siyo dari nzima kama kwenye sinema.

Hapohapo niwakumbushe Iroquois, Chicago, 30 Desemba 1903. Ukumbi mpya kabisa, ulikuwa umefunguliwa mwezi mmoja na kidogo tu, ukitangazwa kwamba hauungui. Taa ya jukwaani ikawasha pazia, pazia la kuzuia moto likakwama likishuka, na walikufa watu zaidi ya 600. Baadhi ya milango ya kutokea ilikuwa imefichwa nyuma ya mapazia ya mapambo, mingine ina makomeo ambayo watu hawakujua namna ya kuyafungua. Mapambo! Kwa hiyo wewe unayependa sanaa, kama ninavyoipenda mimi, ukiletewa sanamu nzuri na ukaambiwa pazuri pa kuiweka ni pembeni ya mlango wa dharura maana pana nafasi, hiyo nafasi ni ya watu wanaokimbia. Kataa. Sanamu itafutiwe kwingine.

Sasa vitu vinavyoning'inia, eneo ninaloliogopa kuliko yote. Palais Garnier, nyumba ya opera ya Paris, 20 Mei 1896, uzito mmoja wa kusawazisha ile taa kubwa ya vioo ulianguka onyesho likiendelea, ukaua mwanamke mmoja. Taa yenyewe haikuanguka, kilichoanguka ni kile kisichoonekana na mtu. Ndiyo maana nikikagua kitu kilichoning'inizwa siangalii kitu, naangalia kilichokishika, kuanzia boriti, skrubu, waya mpaka kishikio, na naandika tarehe. New York tena, kwenye ukumbi wa Philharmonic pale Lincoln Center, kituo kikubwa cha sanaa za jukwaani, mwaka 1962 waliweka kazi ya Richard Lippold, Orpheus and Apollo, vipande 190 vya chuma vinavyong'aa vilivyoning'inizwa kwa nyaya, jumla tani 5 hivi. Ikakaa zaidi ya miaka 50. Mwaka 2014 ikashushwa kwa wasiwasi wa usalama, na lobi ilipokarabatiwa haikurudi, ikaishia kuwekwa uwanja wa ndege wa LaGuardia. Msanii aliitengenezea lobi ile, nafasi ile, mwanga ule. Mimi huwa nawaza, tani 5 juu ya vichwa vya watu zinahitaji kuwa kwenye ratiba ya mhandisi kila mwaka kama lifti ilivyo. Mkisubiri miaka 50 ndipo mshtuke, uamuzi unaobaki ni mmoja tu.

Kuna nyumba ambazo sanaa ni jengo lenyewe, huwezi hata kusema kipi ni kipi. Palacio de Bellas Artes ya Mexico City, iliyofunguliwa 1934, ina pazia la jukwaani la vioo kutoka karakana ya Tiffany, vipande vinakaribia milioni moja, uzito zaidi ya tani 20, linaonyesha milima miwili ya volkano. Kuta za juu zina michoro ya Diego Rivera na José Clemente Orozco. Na nyumba nzima, marumaru na vyote, imekuwa inazama kwenye udongo laini tangu wakati inajengwa. Meneja wa jengo kama lile akipima nyufa anapima mchoro. Hapo fundi msingi na mhifadhi wa rangi ni lazima wanywe chai meza moja, hawana njia nyingine.

Halafu kuna kitu nilikipenda pale Garnier, waungwana. Mwaka 1964 Chagall alipochora dari mpya hawakufuta ile ya zamani iliyochorwa na Lenepveu, waliweka mchoro mpya kwenye paneli zilizofungwa mbele yake, ya zamani bado iko palepale nyuma. Kila nikipata ombi la kutoboa, kubandika au kupaka kitu naulizia hilohilo, je tukibadili mawazo tutaweza kurudi? Mteja wa harusi anataka kubandika maua kwa seloteipu kwenye sanamu ya shaba, swali ni hilo. Msafishaji anataka kung'arisha shaba hiyohiyo kwa sabuni kali maana imekuwa ya kijani, swali ni hilo. (Wasafishaji waiteni kwenye mafunzo tafadhali, wao ndio wanaoziona kazi zile kila siku kwa karibu, kwetu mdudu wa kwanza anayekula mavazi ya stoo aliletwa ofisini na dada wa usafi ndani ya karatasi.)

Suala la mali ni ya nani, msilikwepe. Jasper Johns alitengeneza kazi inayoitwa Numbers kwa ajili ya New York State Theater mwaka 1964, na juu kabisa kuna alama ya unyayo wa mchezaji dansi Merce Cunningham, yaani mguu wa mwanadansi uko ndani ya nyumba ya dansi. Mwaka 1999 likaja wazo la kuiuza, watu wakapiga kelele, ikabaki. Fikirieni ingekuwa kwenu. Je, karatasi zipo? Ilikuwa zawadi, mkopo, au ilinunuliwa? Mpeaji aliweka masharti? Mimi kwenye lile faili nililokabidhiwa nilikuta kazi 9 ambazo hazina karatasi hata moja, na mbili kati yake tukaja kugundua ni za mkopo, mwenyewe alishazisahau. Bima hailipi kitu ambacho huwezi kuonyesha ni chako na kilikuwa na hali gani. Picha kwa simu, mbele, nyuma, kona nne, tarehe. Ukianza Jumatatu na kazi tano kwa siku mtamaliza mapema kuliko mnavyodhani.

Pesa, kwa ufupi. Baraza la utafiti la Marekani lilishauri mwaka 1990 kwamba jengo la umma litengewe asilimia 2 hadi 4 ya gharama ya kulijenga upya, kila mwaka, kwa matunzo. Wengi wetu hatuzioni hizo. Lakini ukiitaja hiyo namba kwenye bodi watu wanaacha kukuona kama mtu anayelialia, wanaanza kuuliza sisi tuko asilimia ngapi.

Nimalizie ule mchoro wa lobi maana nimeona kuna watu wananitazama wanataka kujua. Ulikaa kwa mhifadhi miezi kumi na moja. Ukungu umetoka, fremu imebadilishwa, kuna sehemu ndogo chini kushoto ukijua pa kutazama unaona rangi imetulia tofauti. Uliporudi kamati ikataka urudi palepale kwa sababu watu wameuzoea. Mimi nikamwita yule fundi wa AC, nikamwomba achague ukuta yeye. Alizunguka lobi nzima polepole, anagusa kuta kwa kiganja, anatazama dari, anafungua paneli anachungulia na tochi, anafunga. Dakika arobaini. Akasimama kwenye ukuta wa ndani karibu na ngazi, akasema hapa juu hapapiti bomba lolote wala hakuna upepo wa mashine, na jua halifiki. Tukautundika hapo, na kwenye daftari, kwenye namba ya ule mchoro, sehemu ya jina la mwangalizi, kuna jina lake.

Karibuni maswali, naanza na dada wa pale nyuma.